Mbegu, Mfereji na Lango: Istilahi za Mjongeo wa Manii ya Samaki

Utangulizi

Wako watu wanaodhani kwamba uundaji wa istilahi ni kazi ya mezani tu, isiyomhusu mtu yeyote ila mwalimu na mfasiri. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kuwa sivyo. Tumechagua uwanja mdogo wa biolojia, yaani namna ioni zinavyopita katika utando wa manii ya samaki na kuifanya ianze kuogelea. Tutaeleza kwanza jambo lenyewe, kisha tutayapima maneno yanayolifaa. Tumeuchagua uwanja huu kwa sababu ndani yake neno moja lililochaguliwa vibaya laweza kumpotezea mfugaji kazi ya msimu mzima katika muda wa dakika mbili.

Tuchukue mfano. Tuseme mkulima wa Kibakwe, katika wilaya ya Mpwapwa, mkoa wa Dodoma, amechimba bwawa karibu na kijito naye anataka kufuga kambare. Mwaka wa kwanza ananunua vifaranga. Bwana samaki anamwambia, "Mbegu zikifika usizicheleweshe, zitie majini." Agizo hilo ni sahihi, kwa maana katika lugha ya wafugaji wetu vifaranga vya samaki huitwa mbegu. Mwaka wa pili mkulima yule anataka kuzalisha vifaranga vyake mwenyewe. Anafundishwa kutoa manii ya kambare dume, nayo pia inaitwa mbegu. Akilikumbuka agizo la mwaka uliopita, akaitia mbegu hiyo majini kabla ya kuikutanisha na mayai, kazi yote imekwisha kuharibika. Mkulima hakukosa akili wala bidii. Kosa ni letu sisi wenye kushughulika na maneno, tulioacha vitu viwili vyenye tabia mbalimbali viitwe kwa jina moja.

Samaki wa uwanda wa kati

Huenda msomaji akashangaa kwamba tunazungumzia samaki katika nchi ijulikanayo zaidi kwa mtama, uwele na mifugo. Ni kweli kwamba uwanda wa kati una msimu mmoja tu wa mvua, na kwamba mito mingi huko hukauka wakati wa kiangazi. Hata hivyo samaki wapo. Bwawa la Mtera, lililojengwa katika miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme wa Kidatu, limekuwa mahali pa uvuvi tangu lilipojaa. Mto huo ni tawi la Rufiji, na wavuvi wa Mtera huvua perege na kambare. Kaskazini zaidi, katika bwawa la Hombolo na katika mbuga ya Bahi, ambayo hujaa na kukauka kufuatana na miaka, wenyeji huvua samaki hao hao.

Samaki hawa wawili wana desturi tofauti za uzazi. Perege jike hutaga mayai, dume huyamwagia manii, kisha jike huyatunza kinywani mwake mpaka watoto waweze kujitegemea. Kwa hiyo perege wakiwekwa bwawani huzaana wenyewe, na mara nyingi huzaana kupita kiasi. Kambare hafanyi hivyo. Yeye hungoja mvua. Maji yanapofurika na kufunika majani, ndipo hutoka mtoni au ziwani kwenda kutaga katika maji machache. Katika bwawa la kufugia, ambamo mafuriko hayo hayapo, kambare kwa kawaida hazai. Hapana budi asaidiwe. Jike huchomwa sindano ya homoni, kisha mayai yake hukamuliwa katika bakuli. Dume hakamuliki kwa urahisi, kwa hiyo huchinjwa au kupasuliwa, korodani zake zikatolewa na kukatwakatwa ili manii yapatikane. Hapo ndipo elimu ya ioni inapoingia katika bakuli la mkulima.

Manii hulala, kisha huamka

Manii ya mamalia hupewa nafasi ya kuishi ndani ya mwili wa jike kwa saa nyingi, hata siku kadhaa. Manii ya samaki wengi haina bahati hiyo. Humwagwa nje, katika maji, na hutakiwa kulifikia yai mara moja. Yai la samaki lina tundu moja dogo, na manii haiwezi kuingia ila kwa tundu hilo, ambalo hufungika muda mfupi baada ya yai kugusana na maji.

Kwa sababu hiyo maumbile yameipa manii ya samaki desturi ya kuweka akiba. Ikiwa ndani ya korodani na ndani ya shahawa, manii imetulia kabisa. Ukiitazama kwa hadubini utaona chembe zisizotikisika, nawe waweza kudhani kwamba zimekufa. Tone la maji likiingia, papo hapo mikia yote huanza kupiga. Mwendo huo haudumu. Manii ya trauti, samaki aliyeletwa na wageni katika mito ya Mlima Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, hujongea kwa nusu dakika hivi. Manii ya kambare hujongea kwa dakika moja au mbili. Baada ya hapo akiba ya nguvu iliyomo katika chembe huwa imekwisha, na katika maji yasiyo na chumvi chembe yenyewe huvimba na utando wake kupasuka. Mara nyingi hakuna kuamka mara ya pili.

Basi swali la wanasayansi lilikuwa hili: ni kitu gani katika maji kinachoiamsha manii? Jibu la msingi lilitolewa mwaka 1980 na Wajapani wawili, Morisawa na Suzuki, katika jarida la Science. Walionyesha kwamba samaki hawaamshi manii kwa njia moja. Kwa trauti na jamaa zake, shahawa ina ioni za potasi kwa wingi mara kadhaa kuliko damu, na wingi huo ndio unaoizuia manii. Ikichanganyika na maji, potasi hupungua na manii huamka. Kwa samaki wengine wa maji yasiyo na chumvi, hasa jamaa ya ningu, kinachoamsha ni kupungua kwa ukolezi wa maji, bila kujali ni chumvi gani iliyomo. Kwa samaki wa baharini mambo hugeuka: manii huamshwa na kuongezeka kwa ukolezi. Shahawa ya samaki ina ukolezi wa miliosmoli 300 hivi. Maji ya bahari yana 1,000 na zaidi. Maji ya mto hukaribia sifuri. Kwa hiyo samaki wa mtoni na wa baharini wanaanzia mahali pamoja, na manii zao huamka kwa kuelekea pande mbili zinazopingana.

Ioni, utando na mfereji

Ili tuweze kueleza namna mabadiliko ya maji yanavyougeuza mkia uliotulia kuwa mkia unaopiga, tunahitaji maneno matatu: ioni, utando na mfereji.

Neno ioni limekwisha kukubalika, nasi hatuna sababu ya kulibadili. Lakini neno likikubalika halijawa limeeleweka. Mwalimu wa Kibakwe anaweza kulieleza kwa kuanzia jikoni. Mlenda wa Kigogo hutiwa magadi ili ulainike. Magadi yakiwa makavu ni unga au bonge. Yakiingia majini hayaonekani tena. Hayakupotea. Yamegawanyika kuwa vipande vidogo mno vyenye chaji za umeme, vingine chanya na vingine hasi, kila kimoja kikielea peke yake. Vipande hivyo ndivyo ioni. Magadi hutoa ioni za sodiamu. Majivu ya mimea hutoa ioni za potasi. Chokaa hutoa ioni za kalsiamu. Hizi tatu ndizo zinazotuhusu hapa.

Utando ni ngozi nyembamba inayoizunguka chembe hai. Umefanyika kwa mafuta, na kwa kuwa ioni hupatana na maji wala hazipatani na mafuta, haziwezi kuupenya. Zingeachwa hivyo, ndani na nje ya chembe vingekuwa nchi mbili zisizo na mawasiliano. Lakini katika utando mmepandwa protini kubwa zenye uwazi katikati, na kwa uwazi huo ioni hupita. Kila protini ya namna hii ina mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, huruhusu ioni kushuka kutoka upande zilikojaa hadi upande zilikopungua, bila chembe kutumia nguvu. Pili, ina sehemu inayofunga na kufungua. Tatu, huchagua: iliyo ya potasi hupitisha potasi na kuizuia sodiamu, ingawa ioni ya sodiamu ni ndogo zaidi.

Ujuzi huu haukupatikana kwa siku moja. Mwaka 1952 Hodgkin na Huxley wa Uingereza walieleza kwa hesabu namna ioni zinavyopita katika utando wa neva ya ngisi. Mwaka 1976 Neher na Sakmann, nchini Ujerumani, waliweza kupima umeme mdogo sana unaopita katika protini moja tu ya aina hiyo, na walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1991. Mwaka 1998 MacKinnon wa Marekani aliionyesha sura ya protini ya potasi kwa mionzi ya eksirei, ikaonekana jinsi inavyochagua. Naye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2003 pamoja na Agre, aliyegundua protini inayopitisha maji yenyewe.

Sasa tukio la kuamka laweza kusimuliwa kwa ufupi. Chukua samaki wa jamaa ya ningu. Manii yake inapomwagwa mtoni, maji ya nje huwa hafifu kuliko ya ndani. Mifereji ya potasi hufunguka, na potasi, yenye chaji chanya, hutoka. Kwa kutoka kwake, ndani ya chembe huzidi kuwa hasi. Badiliko hilo la umeme hufungulia njia kalsiamu, nayo huingia. Kalsiamu ndiyo inayofikisha habari kwenye mkia. Injini ndogo za protini zilizomo mkiani huanza kuzitelezesha nyuzi za mkia moja juu ya nyingine, na mkia hupiga. Kwa trauti habari hupita pia kwa mjumbe mwingine wa kikemia kabla ya kufika mkiani, lakini mwanzo wake ni ule ule: potasi kutoka na kalsiamu kuingia.

Perege wana habari ya kuvutia zaidi. Jamaa yao mmoja, perege wa Msumbiji, aweza kuishi katika maji ya mto na katika maji ya bahari. Mwaka 2003 watafiti wa Japani walitangaza kwamba manii ya samaki huyu hujirekebisha kufuatana na maji aliyozoea dume, na kwamba kalsiamu huhitajika katika hali zote mbili. Aliyezoea maji ya mto aweza kutumia kalsiamu ya akiba iliyomo ndani ya chembe. Aliyezoea bahari huihitaji ile ya nje.

Kuchagua neno

Je, protini hiyo yenye uwazi tuiite nini? Utaratibu tuliouzoea katika kuunda istilahi ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Tuyapime basi maneno yanayosikika.

Wako wanaosema chaneli. Neno hili limeshaingia, lakini limeingia kwa mlango wa redio na televisheni. Mwanafunzi asikiapo chaneli ya ioni hapati picha yoyote ya kitu kinachopita. Kwa kuwa Kiswahili chenyewe kina maneno ya kutosha, hatuoni sababu ya kukopa.

Wako wanaosema njia. Neno hili lina ubora wa kueleweka na watu wote. Ubaya wake ni kwamba katika sura hii hii ya uzazi tayari lina kazi nyingine: njia ya uzazi, njia ya mkojo. Mwalimu akiandika kwamba potasi hutoka kwa njia za manii, nusu ya darasa itafikiri habari ya viungo vya dume. Mrija nao una tatizo hilo hilo, maana tuna mirija ya damu na mrija wa manii. Tundu tumekwisha kulitumia kwa yai, na hatungependa manii yenye matundu ikutane na yai lenye tundu katika sentensi moja.

Yabaki maneno mawili yenye uzito: mlango na mfereji. Wanaotetea mlango husema kwamba mlango hufungwa na kufunguliwa, na huwa na bawabu anayechagua wa kuingia. Hoja hiyo ni nzuri, nasi kwa muda tulielekea kuikubali. Lakini wataalamu wa fani hii hutofautisha pito lenyewe na ile sehemu ndogo inayofunga pito. Tukiliita pito zima mlango, sehemu ile tutaiita nini? Mlango wa mlango?

Hapa ndipo mkulima wa Mpwapwa anapotusaidia. Katika bonde la Lumuma, ambako vitunguu hulimwa kwa kumwagilia, kila mtu ajua mfereji ni nini. Maji huingizwa mferejini mahali palipoinuka, nayo hushuka yenyewe hadi shambani, bila kusukumwa. Pale mfereji unapoingia katika shamba la mtu pana mahali pa kuzibia kwa udongo na majani. Zamu ikifika pafunguliwa, zamu ikiisha pazibwa. Mfereji ni kitu kimoja na mahali pa kuzibia ni kitu kingine, wala hakuna mkulima anayevichanganya.

Tena mkulima ajua kwamba maji yakitakiwa kupandishwa juu, mfereji haufai. Hapo yahitajika pampu, na pampu hula mafuta. Tofauti hiyo ndiyo iliyomo katika utando wa chembe. Ziko protini zinazoacha ioni zishuke bila gharama, na ziko nyingine zinazozipandisha kutoka palipo pachache kwenda palipo pengi, kwa kutumia nguvu ya chembe. Za kwanza ni mifereji, za pili ni pampu. Neno mlango halitufikishi kwenye tofauti hii, kwa sababu mlango hauna mteremko.

Kwa hiyo tunapendekeza mfereji wa ioni kwa protini nzima, na lango la mfereji kwa sehemu inayofunga na kufungua. Tunakiri kwamba mfereji wa shamba haubagui maji, na kwamba tabia ya kuchagua haimo katika neno. Hiyo itaongezwa kwa maneno mengine: mfereji wa potasi, mfereji wa kalsiamu, mfereji wa maji. Hakuna istilahi inayoweza kubeba kila kitu. Yatosha ibebe lililo kubwa na isipotoshe mengine.

Majina yanayopotosha

Kutopotosha ndiko kugumu zaidi. Baadhi ya wasomaji wetu hupenda istilahi ieleze kazi ya kitu moja kwa moja. Tuwape tahadhari moja kutoka katika manii ya samaki yenyewe.

Mwaka 2015 watafiti nchini Ujerumani walieleza habari za mfereji wa potasi uliomo katika manii ya samaki mdogo mwenye milia, wa asili ya Bara Hindi, ambaye hufugwa sana katika maabara. Kwa umbo lake mfereji huo ni wa ukoo ambao jina lake la kigeni husema kwamba unaongozwa na kemikali fulani za duara, wajumbe wa ndani ya chembe. Walipoupima waliona kwamba kemikali hizo haziuongozi hata kidogo. Unaongozwa na kupungua kwa asidi ndani ya chembe. Jina linasema hili, mfereji wafanya lile, na kwa kuwa jina limekwisha kuenea hakuna wa kulifuta.

Mfano wa pili ni mfereji wa kalsiamu uliogunduliwa mwaka 2001 katika manii ya panya, nao ni wa lazima kwa uzazi wa mamalia. Wako waliotazamia kuukuta katika kila manii. Samaki wengi wa mifupa hawana. Hata hivyo trauti na jamaa zake wanao. Mtu angeuita mfereji mkuu wa manii kwa haraka, leo angelazimika kueleza kwa nini manii ya samaki wengi yajongea bila huo mkuu.

Fundisho tunalolipata ni kwamba jina la jumla liwe la picha pana, kama mfereji, na majina ya aina yafuate kitu kilichopimwa na kuthibitishwa, yaani ni ioni gani inayopita. Habari ya kinachofungua lango iwekwe katika maelezo, isiwekwe katika jina, mpaka itakapokuwa imethibitika vizuri.

Maneno mengine yanayohitaji kutengwa

Turudi kwenye mbegu. Neno hili hatuwezi kulinyang'anya wafugaji, wala hatuna haki ya kufanya hivyo. Mbegu za samaki zibaki kuwa vifaranga. Lakini katika mafunzo ya uzalishaji, chembe ya dume isiitwe mbegu. Tunajua kwa nini wengi hukimbilia neno hilo: manii na shahawa yanaonekana kuwa maneno ya aibu, hasa mkutanoni penye wazee na akina mama. Heshima ni jambo jema. Lakini bwana mifugo hutamka maneno hayo bila haya anapozungumzia uhimilishaji wa ng'ombe, na watu humsikiliza kwa utulivu kwa sababu wajua ni kazi. Bwana samaki naye aweza kufanya hivyo.

Manii na shahawa yenyewe hutumiwa na watu wengi kama maneno mawili ya kitu kimoja. Kwa mazungumzo ya kawaida hilo halidhuru. Katika somo letu ladhuru sana, maana ni ule uoevu unaoifanya manii ilale. Hatuwezi kueleza jinsi uoevu unavyozizuia chembe ikiwa uoevu na chembe vina jina moja. Tunapendekeza shahawa iwe mchanganyiko mzima utokao kwa dume, manii iwe chembe zilizomo, na uoevu wa shahawa iwe sehemu ya majimaji peke yake. Akitajwa mmoja mmoja, isemwe chembe ya manii.

Tatu ni tofauti ya uhai na mjongeo. Mara nyingi husemwa "manii hai" kwa maana ya manii inayotembea. Tumeona kwamba manii iliyolala katika shahawa ni hai kabisa, na kwamba ile inayopiga mkia kwa nguvu majini imebakiwa na dakika moja ya uhai. Hivyo tutumie mjongeo kwa tabia ya kujiendesha yenyewe, na uamshaji kwa tendo la kuianzisha.

Mwisho ni maji baridi. Katika lugha ya uvuvi maji haya ni yale yasiyo ya bahari, na samaki wa maji baridi ni msemo uliokwisha kukaa. Lakini mtu akiagizwa kuongeza maji baridi katika bakuli la mayai, anaweza kuyatafuta mtungini. Mayai ya kambare hupenda joto. Katika maelezo ya maabara na ya uzalishaji tunashauri isemwe maji yasiyo na chumvi, na habari ya joto itajwe kwa nyuzi. Kadhalika maji ya chumvichumvi ya visima vingi vya uwanda wa kati yasichanganywe na maji ya bahari. Ukolezi wake ni mdogo mno kuliko ule.

Istilahi zinazopendekezwa

1. Shahawa: mchanganyiko wa chembe na majimaji utokao kwa dume.
2. Manii: chembe za uzazi za dume, moja huitwa chembe ya manii.
3. Uoevu wa shahawa: majimaji ya shahawa bila chembe.
4. Mjongeo: uwezo wa chembe kujiendesha yenyewe kutoka mahali hadi mahali.
5. Uamshaji: tendo la kuanzisha mjongeo katika manii iliyotulia.
6. Ukolezi: kiasi cha vitu vilivyoyeyuka katika maji, maji yaweza kuwa makolevu au hafifu.
7. Mfereji wa ioni: protini ya utando inayoruhusu ioni za aina fulani kushuka kutoka palipo pengi kwenda palipo pachache bila kutumia nguvu ya chembe.
8. Lango la mfereji: sehemu ya mfereji inayofunga na kufungua pito.
9. Pampu ya ioni: protini ya utando inayopandisha ioni kwa kutumia nguvu ya chembe.
10. Tundu la yai: uwazi mdogo katika ganda la yai la samaki, ambamo manii hupita.

Msingi wa kazi hii si mpya. Wanafunzi na wafasiri wamekuwa na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Lakini sehemu kubwa ya yale tuliyoyaeleza hapa imegunduliwa au kuthibitishwa baada ya mwaka huo, na istilahi hazina budi kuufuata ujuzi.

Hitimisho

Tumalizie kwa kurudi Kibakwe. Kwa istilahi hizi, bwana samaki aweza sasa kumwagiza mkulima wetu hivi: "Kausha bakuli, kisu na mikono yako. Mfute samaki maji kabla ya kumkamua. Manii ikikaa katika uoevu wake imelala, na ukitaka kuizimua bila kuiamsha, tumia maji safi yaliyotiwa gramu 9 za chumvi ya mezani kwa lita moja. Changanya manii na mayai yangali makavu. Hapo ndipo utie maji yasiyo na chumvi, kwa maana maji hayo ndiyo yanayofungua malango ya mifereji; manii itaamka yote pamoja, karibu na mayai, na kazi itakwisha katika dakika moja."

Njia hii ya kukutanisha manii na mayai bila maji kwanza iligunduliwa Urusi katika karne ya 19, zamani kabla ya mtu yeyote kujua mfereji wa ioni ni nini. Yaweza kufuatwa kwa kukariri tu. Lakini anayekariri hushindwa siku hali inapobadilika, na anayeelewa hujua la kufanya. Mkulima aliyeelewa kwamba ni ukolezi wa maji unaofungua malango hatauliza kwa nini tone moja lililobaki katika bakuli ni hatari, wala hatahitaji kukumbushwa kulikausha.

Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walimu wa sayansi, mabwana samaki na wafugaji wenyewe, wayapime maneno haya katika kazi zao na kutuletea maoni. Ikiwa katika lugha za Mpwapwa, za Rufiji au za pwani za Ziwa Victoria kuna neno bora zaidi kwa mahali pa kuzibia mfereji, au neno ambalo wavuvi walitumia tangu zamani kwa shahawa ya samaki, tutafurahi kulipokea na kulijadili katika kurasa hizi.